Mwitaji Hashikwi Mkono

Iko jioni moja ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku niliyojifungua, na hilo peke yake linanikera. Ilikuwa hapa hapa Guangzhou, msimu wa maonyesho ya biashara ya Pazhou, wakati mji umejaa watu wa nyumbani na ukiingia lifti ya hoteli yoyote upande wa Haizhu unasikia Kiswahili. Kaa nikueleze, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa pengine nimekupita miaka michache tu, sina mvi hata moja. Lakini kuishi kwingi ni kuona mengi, na mimi yangu niliyaona mapema. Nataka uyajue kabla hujayakanyaga.

Kwanza uelewe dansi lenyewe, maana bila hilo hutanielewa.

Nilisoma sekondari ya bweni kule kwetu Rungwe. Alikuwepo mwalimu mgeni wa kujitolea, mama mmoja wa Kizungu, ambaye Jumamosi alikuwa anatuamuru tusogeze meza za bwalo ukutani, kisha anatufundisha dansi la kwao. Mnapanga mistari miwili mirefu, mnatazamana, kila mtu ana mwenzake upande wa pili. Wewe na mwenzako mnacheza na jozi iliyo jirani yenu. Mnashikana mikono, mnazungushana, mnabadilishana nafasi. Wimbo ukirudi mwanzo, nyote mmeshasogea, mnakutana na jozi nyingine, mnaanza upya. Hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari, na ukifika mwisho unageuka unarudi. Hakuna kuchagua. Mstari wenyewe unakuletea watu, mnene na mwembamba, unayempenda na yule mliyegombania ndoo jana bafuni. Dansi likiisha umeshika mkono wa kila mtu.

Mbele, juu ya kiti au jukwaa, anasimama mwitaji. Huyo hachezi. Kazi yake ni kuwaambia watu la kufanya kabla hawajalifanya. Ukisema "kulia" mguu ukiwa umeshatua, umechelewa, umegonganisha watu. Inabidi utangulie muziki kidogo, kama mama anayemwambia mtoto "moto!" kabla hajagusa. Mwalimu Kiswahili kilikuwa kinampiga chenga, mimi nilikuwa na sauti, basi nikawa naita mimi. Nilimaliza kidato cha nne na cheti cha kawaida sana na ufundi mmoja ambao hakuna mtu aliyeuhitaji.

Huku nilikuja na mama mdogo aliyekuwa ananunua nguo za watoto. Yeye akarudi, mimi nikabaki. Kichina nilijifunza sokoni Zhongda, kwenye vitambaa, kwa kutukanwa na malaobani, ndivyo tunavyowaita wenye maduka, mpaka siku nikaweza kuwajibu. Nikawa nawatembeza wafanyabiashara wetu, nawasemea bei. Jumapili nilikuwa na ushirika wetu, Watanzania wa bara na Wakongo wa Bukavu na Lubumbashi, tunasali pamoja kwenye chumba cha kukodi ghorofani. Ugenini, mwanangu, ushirika si mahali pa kuimba tu. Ndio ndugu zako. Ukiugua ndio watakaokuletea uji, ukifa ndio watakaokusafirisha. Asiyekuwa nao hapa ni mtu wa kuokotwa.

Nikapata mimba. Baba wa mtoto alikuwa mwanaushirika, mume wa mtu, mke yuko nyumbani. Simtaji jina, wala si kwa kumheshimu yeye, ni kwa sababu binti yangu atakuja kusoma haya. Tulisimamishwa wote wawili mbele ya watu, tukatubu wote wawili. Yeye akaombewa, akapigiwa makofi, akaambiwa karibu tena nyumbani, kaka. Mimi nikaambiwa nikae kwanza viti vya nyuma, eti nipate nafasi ya kutafakari. Nilitafakari mpaka nikajifungua. Nikatafakari tena mpaka Atupele wangu akaota meno. Mwanamume alikuwa ameshamaliza kutafakari palepale mbele, na kabla ibada haijaisha alikuwa anagawa vitabu vya nyimbo.

Nilichokitaka kilikuwa kimoja. Nilitaka Atupele aletwe mbele, ashikwe, aombewe kwa jina lake kama watoto wengine wa ushirika walivyoombewa. Makofi sikuyahitaji. Nilitaka wale watu wamjue mtoto wangu, ili mimi nikianguka awepo mtu wa kumnyanyua. Usiku nilikuwa nawaza, nikigongwa na pikipiki hapa barabarani, huyu mtoto nani atajua ni wa nani?

Nikamfuata Shemasi. Shemasi wetu alikuwa mnunuzi wa vifaa vya umeme, mtu wa maneno laini, sijawahi kumsikia akipandisha sauti hata mara moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama.

"Mama Atu," akaniambia, "jambo lako ni jema, lakini ni la muda. Mioyo ya watu inataka kulainishwa. Sasa sikia. Maonyesho yakifungwa tunataka tuwaburudishe wageni, burudani ya heshima, siyo hizi za kukata viuno. Lile dansi lako la mistari ulilotuonyesha siku ya pikiniki watu walilipenda. Lipange wewe, liite wewe. Wakikuona unawatumikia watakutazama kwa jicho jingine. Halafu ya mtoto tutazungumza."

Nikamshukuru. Nusura nipige magoti. Mfa maji hukamata maji, walisema waliotutangulia, na mimi nilikamata kwa mikono miwili.

Nilipanga ile jioni kama mtu anayepanga harusi yake. Watu wanadhani kuita dansi ni kupiga kelele tu. Unaanza na jepesi, ambalo hata aliyekuja na viatu vya kubana ataliweza, ili watu wapate moyo. Unapandisha polepole. Lile gumu unaliweka katikati, wakati miili imepata moto na haijachoka bado. Hupangi mawili yanayofanana yakafuatana, watachanganya. Unawaachia nafasi ya kunywa maji. Unafunga na la taratibu, watu waende nyumbani wakiwa wametulia. Kila dansi nililipima kwanza chumbani, nimepanga chupa za maji sakafuni mistari miwili, nazisogeza moja moja huku Atupele anaziangusha na kucheka.

Muziki ulikuwa wa Papa Tino, Mkongo wa Lubumbashi, mnunuzi wa simu na fundi wa gitaa. Huyo alinitoa jasho. Gitaa la Kikongo likishapanda halitaki kushuka. Akifika penye utamu anazunguka hapo hapo, wakati dansi langu linataka wimbo urudi mwanzo mahali pake, kwa sababu wimbo ukirudi ndipo kila mtu anapompokea jirani mpya.

"Papa Tino, rudi mwanzo!"

"Ma fille, binti yangu, utamu ndiyo inaanza!"

"Utamu wako utavunja watu pua."

"Weye ni polisi ya barabara," akasema, lakini akarudi mwanzo. Baada ya jioni chache tu akawa anarudi mwenyewe, tena kwa madaha.

Nilikwenda mtaa wa Yide Lu kutafuta riboni, nyekundu kwa mstari mmoja na bluu kwa mwingine, kwa sababu wanawake tulikuwa wengi kuliko wanaume na nilitaka mwanamke aweze kusimama upande wowote bila kupotea. Nikachukua na kipande cha njano cha Atupele. Nilishajiambia, nani anajua, huenda wakafurahi sana wakamwombea jioni ileile.

Mtu mmoja tu aliniuliza swali. Mama Sifa, mjane wa Bukavu, mnunuzi wa vitenge, magoti yake yameshachoka. Ndiye pekee aliyekuwa anakuja viti vya nyuma Jumapili kumpakata mtoto wangu. Nilikuwa namsaidia kufunga marobota, nikimsimulia mipango yangu yote, dansi hili na lile.

"Na weye utacheza saa ngapi?" akauliza.

Nikacheka. "Mwitaji hachezi, Maman."

"Ni nani alisema?"

"Ndiyo kazi yenyewe ilivyo."

Akanyamaza, akaendelea kukaza kamba. Kimya cha mtu mzima, mwanangu, usikipite mbio kama nilivyokipita. Mimi niliendelea kuongea habari za riboni.

Jioni ikafika. Tulikuwa tumekodi ukumbi wa chakula wa hoteli moja ndogo, meza tumezisukuma pembeni, wali na kuku vimefunikwa. Chini, ukitazama dirishani, mabibi wa Kichina walikuwa kwenye uwanja wao wanacheza dansi lao la kila jioni, wamejipanga safu, kila mmoja na mikono yake mwenyewe, hamgusi mtu wala haguswi. Niliwaonea huruma. Mimi!

Watu walijaa. Wageni wa Mwanza, wa Mbeya, wa Arusha, Wakongo na mashati yao ya kupendeza. Shemasi akafungua kwa sala, akanipa maiki. Nikawapanga. Nikawapitisha kwanza bila muziki, hatua kwa hatua, wakagongana, wakacheka, mzee mmoja akamshika mkono mama mkwe wake kimakosa akaruka kama kakanyaga moto. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikampa Papa Tino ishara.

"Jirani, mkono wa kulia, zungukaaa! Rudi kwa mwenzako! Wanne mikono katikati, tembea kama gurudumu! Haya pokea wageni!"

Lilikwenda, mwanangu. Lilikwenda kama maji. Nikaona watu ambao huwa hawasalimiani kwa sababu ya mizigo iliyopishana bandarini wakishikana mikono na kucheka. Nikaona Wakongo na Watanzania, ambao Jumapili hukaa pande mbili za chumba, wamechanganyika hata huwezi kusema yupi ni yupi. Nikafurahi sana.

Sasa kuna jambo moja la ufundi. Mwitaji mzuri ni anayejua kunyamaza. Unaita mizunguko ya kwanza yote, halafu unapunguza maneno, unabakiza neno moja hapa na moja pale, mpaka miguu imeshajua yenyewe, hapo unafunga mdomo. Dansi linakwenda peke yake. Katikati ya lile dansi gumu nikanyamaza, maiki nimeizima, nimeshika kiuno natazama kazi yangu.

Na jambo la pili. Jozi ikifika kichwani mwa mstari inapumzika mzunguko mmoja kabla ya kuingia tena. Wanaopumzika wanasimama pale pale chini ya jukwaa, miguuni kwa mwitaji. Wakafika pale Rehema na mama mmoja wa Mwanza. Rehema huyu tulishalala kitanda kimoja, yeye kichwani mimi miguuni, wakati sote tuna shida. Walikuwa wanahema, wamenipa mgongo, wanajipepea kwa riboni zangu.

"Jamani, dansi tamu hili! Mume wangu leo kashika vidole vya kila rangi."

"Mwache ashike," akasema Rehema. "Ila si vya huyo wa juu."

"Huyo si anaita?"

"Unafikiri kwa nini kapewa maiki? Sisi kina mama tulimwambia Shemasi, yule akiingia mstarini sisi tunatoka. Akasema tulieni, mwitaji hashikwi mkono na mtu."

"Weee! Shemasi ana akili huyo."

"Ana akili kama nini."

"Na mtoto je? Si nasikia anataka aombewe?"

"Atangoja. Ukianza na huyo, kesho utaletewa wangapi?"

Wakacheka. Wimbo ukarudi mwanzo, wakaingia mstarini. Kwenye jozi ya pili waliyokutana nayo alikuwemo baba wa mtoto wangu. Rehema akampa mikono yote miwili, akazungushwa mpaka akatupa kichwa nyuma kwa kicheko.

Nilisimama pale juu. Sijui kama umewahi kuvuliwa nguo mbele ya watu na wao wasijue. Nilitazama mstari wote, mkono kwa mkono, mkono kwa mkono, na yule mwanamume anapokelewa na kila mwanamke mwenye mume, na mimi niliyezaa naye nimewekwa juu kama taa. Nilikuwa nimejipangia mwenyewe. Riboni nimenunua mimi.

Nikamaliza kuita dansi lile. Nikaita na lililofuata, usiniulize niliwezaje. Ilipofika la mwisho, la taratibu, nikawasha maiki.

"La mwisho hili. Na mimi nacheza."

Nikashuka. Maiki haikuwa na waya. Nikamchukua Atupele kwa Mama Sifa, aliyekuwa amempakata pembeni, nikamfunga mgongoni kwa kitenge, nikasimama mwisho wa mstari bila mwenzangu. Watu wakawa wanatazamana. Mama Sifa akainuka kitini na magoti yake yale, akaja akasimama mbele yangu. Papa Tino akaanza kupiga.

Jozi ya kwanza walikuwa Wakongo wawili wageni, hawakujua lolote, wakatushika mikono kwa furaha, mmoja akamchezea Atupele shavu. Jozi ya pili ilikuwa Shemasi na mkewe.

"Mama Atu," akaninong'oneza, anatabasamu, "rudi juu. Usituharibie."

Nikasema kwenye maiki, ukumbi mzima unasikia: "Shemasi, mkono wa kulia."

Wageni wakacheka, wakadhani ni mchezo. Shemasi naye akacheka. Akakunja mikono yake nyuma ya mgongo, akazunguka peke yake kana kwamba kuna mtu. Mkewe akawa anapiga makofi tu, anapiga makofi, ili viganja visipatikane.

"Haya, pokea wageni."

Rehema akainama kufunga kiatu kisicho na kamba. Mama wa Mwanza akasema anasikia harufu, kuku wanaungua, na kuku walikuwa wamepoa zamani. Baba wa mtoto alituona tunakuja tukiwa bado mbali, akakumbuka simu, akatoka nje. Kila tulipofika, mstari ulikuwa unafunguka kama nywele zinapopitiwa na kitana. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyesema toka. Wangenitukana ningekuwa na cha kujibu. Waliondoka tu, mmoja mmoja, kwa adabu, na kila mmoja na sababu yake nzuri.

Papa Tino hakuacha. Alipiga macho chini, akarudi mwanzo kila mahali pa kurudi, sawasawa kama nilivyomfundisha. Tukafika mwisho wa ukumbi, mimi na mwanamke mzee na mtoto mgongoni, hakuna tena wa kupokea. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Nilipata jibu la swali ambalo nilikuwa siulizi. Pale hapakuwa kwetu.

"Usilie mbele yao," Mama Sifa akaniambia. "Maliza."

Tukageuka, tukarudi na wimbo mpaka tulikoanzia. Ukaisha. Watu wakala kuku. Shemasi akafunga kwa sala, akashukuru kamati na wote waliojitolea.

Nilimkuta Mama Sifa ngazini, ameshika chuma, anashuka kwa kuegemea. Nilikuwa nataka anipe pole. Badala yake akanigeukia kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Mi nilijua toka mwanzo," akasema. "Walisema mbele yangu."

"Ulijua, Maman? Ukaniacha ninunue riboni?"

"Niliwaza watakuona, watalainika. Nilikosea, na Mungu ataniuliza. Lakini na weye nitakuuliza leo. Kule Zhongda, laobani akisema zai shuo, tutaongea siku ingine, si weye unanivuta mukono, unaniambia Maman twende, huyu amekataa? Batu wote hapa wanakutafuta kwa sababu unajua hapana ya Muchina hata akiificha kwa tabasamu. Shemasi akakwambia tutazungumza, ukasema amina. Ulimuuliza, mutamuombea mutoto? Akakujibu, panga dansi. Hiyo ilikuwa jibu? Alikupa kazi pahali ya jibu, na weye ukaibeba kichwani na furaha."

Nikakaza fundo la kitenge.

"Na tena. Ni nani alikwambia kubariki mutoto kunahitaji kamati? Lete huku."

Akaweka mkono wake juu ya kichwa cha Atupele, pale pale ngazini, mlinzi wa hoteli anatuangalia, akaomba. Aliomba kwa lugha ya kwao, Kishi, sikuelewa hata neno isipokuwa jina la mtoto, alilitaja tena na tena. Aliomba muda mrefu. Nilikuwa na hasira naye mno, kwa kujua na kunyamaza, hata alipomaliza sikuitikia amina.

Mama Sifa aliondoka msimu ule ule kurudi Bukavu na hajaonekana tena. Simu yake haipatikani. Nimewauliza Wakongo wote ninaowajua, wanasema huko mambo ni magumu, watu wamehamahama. Ningepewa jambo moja la kurudia maishani nisingechagua dansi. Ningechagua lile neno moja nililomnyima pale ngazini.

Wengine bado tunaonana Zhongda. Rehema ananiita, "Shoga, njoo unisemee kwa huyu Mchina, ananibania," nami nakwenda, nasema, naondoka. Jumapili hanijui. Shemasi ananisalimu shalomu. Atupele sasa anatembea, mkorofi kama mimi, na hajaombewa mbele ya mtu yeyote tena. Sijaomba. Hasira haijaniisha na sitakudanganya kuwa imeisha. Wanaokuambia machungu huisha ni wale waliokuwa wanapiga makofi.

Basi, mwanangu, haya ndiyo ninayokuachia.

Unapoomba jambo la haki yako, subiri jibu la hilo hilo uliloomba. Ukiuliza ukapewa cheo, hujajibiwa. Ukipewa sifa ya sauti yako, hujajibiwa. Ukiambiwa tumika kwanza watu wakuone, simama pale pale uulize tena, kwa lugha rahisi, ndiyo au hapana. Hapana ya mapema inauma siku moja. Ile inayofungwa kwenye shukrani utaibeba wewe mwenyewe, utaipanga, utaiita kwa maiki. Na kabla ya kukubali nafasi yoyote ya heshima, tazama inakuweka wapi. Kama inakutoa katikati ya watu na kukusimamisha mahali ambapo hakuna atakayekugusa, hiyo si heshima, hata wakikupigia makofi.

Ukiwa wewe ndiye uliyemo mstarini, sikia hili kutoka kwangu bila kufunikwa. Kutoka kwa adabu ni kutoka. Kiatu ulichoinama kukifunga Mungu anakijua kama kina kamba. Mtu akifika zamu yake mbele yako, mpe mkono. Hujaombwa umwozeshe mwanao.

Na ukiwa mzee mwenye kujua jambo, sema. Usingoje ngazini. Na wewe kijana, mzee akichelewa kusema, hata kama umemkasirikia, mwitikie. Wazee hawakai.

Nakuombea, mwanangu. Ugeni ukukute na watu wachache wa kweli kuliko ukumbi uliojaa. Ukiugua, uji ukufikie ungali moto. Mtoto wako aitwe kwa jina lake na watu wengine zaidi yako, mchana kweupe, bila mtu kugeuza uso. Na siku utakayokataliwa, Mungu akupe kuelewa mapema, uondoke ukiwa bado na nguvu miguuni.